Majiko mawili ya induksheni yanafanana kila kitu, nichukue lipi? Nenda dukani na fraipeni yako

Juzi mdogo wangu kanipigia simu yuko Kariakoo, mbele yake kuna majiko mawili ya induksheni yale ya sahani moja ya kubeba, yote meusi, yote kioo juu, yote yameandikwa wati 2000, ila moja linazidi lingine kwa elfu ishirini na tano. Muuzaji anamwambia yote sawa tu dada, hili limepanda kwa sababu ya jina. Ananiuliza, dada nichukue lipi? Nikamwambia usichukue lolote kwanza, nunua maji ya chupa kubwa hapo nje, halafu niambie kwenye mkoba umebeba ile fraipeni niliyokwambia au umeiacha nyumbani.

Alikuwa kaibeba, alhamdulillah. Na hapo ndo nataka nianzie, maana watu wengi wananiuliza hili swali na wanataka niwatajie jina la kampuni, na mi jina siwezi kukutajia nikalala vizuri. Mengi ya haya majiko yanatoka mkoa mmoja kule China, Guangdong, na jiko lile lile linaweza kuwekewa stika tatu tofauti likaingia nchini kwa majina matatu. Kwa hiyo stika haikusaidii sana. Yanayotofautisha majiko haya hayajaandikwa kwenye boksi kabisa, unayaona kwa kupima mwenyewe, na kupima kwenyewe ni dakika kumi tu. Muuzaji anayekataa usipime, mshukuru, aga, ondoka.

Kabla ya yote hakikisha ni induksheni kweli. Nasema hivi kwa sababu pale madukani yamechanganywa na yale majiko ya infraredi na kwa nje yanafanana kama pacha, kioo cheusi, vitufe, namba nyekundu. Muuzaji mwenyewe mara nyingine hajui, anayaita yote induksheni. Liwashe bila sufuria. Likiwaka jekundu chini ya kioo na ukihisi joto, hilo ni infraredi, linapika na sufuria yoyote lakini linakula umeme zaidi kwa kazi ile ile na kioo chake kinabaki cha moto muda mrefu, kama una watoto wadogo ujue hilo. La induksheni bila sufuria halifanyi kitu, linalia pii pii na kuandika kosa halafu linajizima, kwa sababu lenyewe halina moto. Ndani kuna waya umeviringishwa kama chapati ya kusokota, hiyo ndo koili, umeme ukipita humo unatengeneza sumaku inayobadilika maelfu ya mara kwa sekunde, na hiyo sumaku inaipasha sufuria yenyewe. Sufuria ndo moto.

Sasa kama sufuria ndo moto, basi sufuria lazima ishike sumaku, na hapa ndo kilio cha wengi kinapoanzia. Zile sufuria zetu za alminiamu, za kununua kwa seti, zile za mama zimeungua chini nyeusi, hamna hata moja itakayofanya kazi. Chungu pia hapana. Chukua sumaku yoyote, hata ile ya mapambo ya friji, ibandike chini ya sufuria, ikishika kwa nguvu umepona, ikishika kwa unyonge kidogo tu jiko litakuwa linasumbua, isiposhika basi. Za chuma cha pua baadhi zinashika baadhi hazishiki, usidanganywe na mng'ao. Za chuma kizito zinashika, zile za bati lililopakwa rangi ya kung'aa kama vikombe vya zamani zinashika pia. Halafu kuna fraipeni za alminiamu ambazo wamezibandika kisahani cha chuma chini, hizi zinafanya kazi ila pima kile kisahani, kama ni kidogo basi ni hapo katikati tu patakapopata moto. Na karai la kukaangia la mviringo chini sahau, linataka kitako bapa.

Kwa hiyo kabla hujatoka nyumbani fanya hesabu ya sufuria. Mtu anabajeti hela ya jiko tu, anafika nalo nyumbani, hana cha kupikia, jiko linakaa juu ya kabati miezi minne. Kuna wanaouza kile kisahani cha chuma cha kuweka katikati ya jiko na sufuria ya alminiamu, mi sikipendi, kinaunguza kioo na kile ulichokuwa unaokoa kwenye umeme kinaishia hapo hapo. Bora sufuria moja pana nzuri na fraipeni moja, uanze nazo.

Haya tuko dukani. Kipimo cha kwanza ndo kikubwa kuliko vyote, mi naita kipimo cha mapovu. Weka fraipeni pana juu ya jiko, mimina maji kidogo sana, yafunike tu kitako, kama nusu sentimita hivi, washa moto wa juu halafu inama uangalie mapovu yanaanzia wapi. Yatatokea kwa duara, kama pete, na hiyo pete ndo ukubwa wa koili iliyoko chini. Ule mduara mkubwa uliochorwa kwenye kioo ni mchoro tu, unaweza kuchorwa sentimita ishirini na kitu na chini yake kuna koili ya kumi na mbili. Pete ikiwa ya ukubwa wa mdomo wa kikombe, liache. Ikifika ukubwa wa kisosi, linafaa kwa mtu mmoja wawili. Ikizidi kisosi ikaenda mpaka karibu na sahani ndogo ya kulia au zaidi, hilo ni jiko la familia.

Kwa nini nalishikilia hili? Kwa sababu ya chapati. Jiko langu la kwanza nilinunua kwa kuangalia wati na bei, nikafika nyumbani nikaweka chuma cha chapati, chapati katikati imeungua duara jeusi kama muhuri na pembeni bado unga mbichi, nikawa nazungusha chapati kama usukani, mikono inauma, na bado hazijawa chapati za kumpa mgeni. Nilihangaika wiki nzima nikidhani ni mi sijajua kupunguza moto. Si moto, ni koili ndogo, na koili ndogo haina dawa. Wali nao ni hivyo hivyo, unashika ukoko hapo katikati na punje za pembeni zina kiini. Mboga za majani na chai hutaona tofauti, ndo maana mtu akikusifia jiko lake muulize kwanza huwa anapikia nini.

Kipimo cha pili ni moto mdogo. Ongeza maji yachemke, halafu shusha mpaka namba ya chini kabisa, wati 200 au 300 lolote lililoandikwa, utulie uangalie na usikilize. Majiko mengi ya bei ya kawaida hayana moto mdogo wa kweli, yanachofanya ni kuwaka kwa nguvu kubwa sekunde kadhaa halafu yanazima sekunde kadhaa, halafu yanawaka tena. Utaona maji yanachemka kwa fujo, yananyamaza kimya, yanachemka tena. Hesabu kwa mdomo. Kama linawaka sekunde mbili na kuzima tatu, hiyo unaweza kuishi nayo ukiwa na sufuria nzito. Kama linawaka sekunde nane kumi halafu linalala robo dakika, tui litakatika, uji utashika chini, na wali wa kupalia usahau. Wali wa nazi unataka moto wa taratibu usiokatika, ule tuliozoea wa makaa machache chini na machache juu ya mfuniko, na jiko linalopiga kwa vishindo haliwezi kukupa hicho kitu. Jiko zuri linashuka taratibu na maji yanaendelea kutokota kidogo kidogo bila kusimama. Hapo ndipo ile elfu ishirini na tano ya ziada inapokuwa na maana, au isipokuwa na maana, ndo maana tunapima.

Kipimo cha tatu ni kuhakikisha wati ni za kweli. Mdogo wangu alikuwa na ile chupa ya maji ya lita moja na nusu, imimine yote kwenye sufuria, funika, moto wa juu, washa saa ya simu. Maji yasiyo ya friji kwenye joto letu la Dar, jiko la wati 2000 za kweli litayachemsha kwa kama dakika tano. Likienda sita na kitu, ujue ni kama wati 1500 zilizovaa stika ya 2000, au umeme wa pale dukani uko chini, ndo maana unapima yote mawili kwenye soketi ile ile na sufuria ile ile halafu unalinganisha. Wati 1500 sio dhambi lakini usilipe bei ya 2000.

Basi yule mdogo wangu alipima yote mawili na unajua nini, lile la bei ya chini ndo lilikuwa na pete pana na moto mdogo uliotulia. Lile la jina lilikuwa zuri kwa kuangalia tu, kioo kinang'aa, vitufe vina taa ya bluu. Siku nyingine ingekuwa kinyume, simaanishi la rahisi ndo bora.

Baada ya hapo ndo uangalie umbo. Kwa wapika ugali hili si dogo. Ukisonga ugali wa watu watano unasukuma kwa nguvu, jiko jepesi linatembea mezani na sufuria inateleza juu ya kioo, na ukiinyanyua sufuria kidogo jiko linakata moto linaanza kulia. Geuza jiko chini uangalie miguu, iwe mipana na ya mpira laini unaong'ang'ania, si plastiki ngumu. Liweke kaunta, lizungushe kwa mkono uone linavyoteleza. Uliza pia kitabu chake kinasema linabeba kilo ngapi, maana sufuria kubwa ya makande iliyojaa ina uzito na kioo kikipata ufa tu basi hilo jiko usiliwashe tena, maji yakipenya ndani ni shoti. Na mi ugali nasonga hivi, nazima moto au nashusha kabisa wakati wa kusonga kwa nguvu, nashika mkono wa sufuria na kitambaa kikavu, namaliza, ndo narudisha moto kidogo uive.

Pitisha kucha pembeni mwa kioo kinapokutana na mwili wa jiko. Kukiwa na mfereji au nafasi, mchuzi ukimwagika utaingia humo na kukaa humo. Angalia matundu ya hewa yako wapi, feni inavuta hewa kwa chini na kuitoa nyuma au pembeni, kwa hiyo kila linapopumulia ndipo na mende wanapoingilia, na mende wanapenda joto, mafundi wanaofungua haya majiko watakwambia wanayoyakuta. Matundu membamba ni bora kuliko mapana. Nyumbani usiliweke juu ya kitambaa wala gazeti wala ile meza ya plastiki laini, linaziba pumzi. Juu ya jiko la gesi la bati napo hapana, nimeona watu wanafanya hivyo kuokoa nafasi.

Vitufe, hapa kila mtu na mapenzi yake. Vya kugusa vinafutika vizuri lakini mkono ukiwa na maji au mvuke ukitua juu yake vinachanganyikiwa, unagusa moja linaitika lingine. Vya kubonyeza vinadumu mpaka plastiki yake ipasuke. Mi napenda lile la kuzungusha kama redio, unashusha moto mara moja bila kubonyeza mara saba wakati maziwa yanapanda. Yale mambo ya programu, supu, kukaanga, maziwa, usiyalipie hela, utatumia mbili tu. Kitu cha kuuliza ni namba za moto ziko ngapi, kumi ni bora kuliko sita, na je linajizima lenyewe baada ya muda gani, maana mengi usipoligusa hujizima baada ya masaa mawili, kwa mtu wa maharage bila presha kuka hilo litakukuta umelala. Na umeme ukikatika ukarudi mengi hayarudi kuwaka yenyewe, kitu ambacho ni usalama ila usiondoke nyumbani ukidhani nyama inaiva.

Namba za nyuzi joto usiziamini sana. Sensa, yaani kipima joto cha jiko, iko katikati chini ya kioo, inapima joto la kioo zaidi kuliko mafuta yako, kwa hiyo ukiweka 180 kwa ajili ya maandazi mafuta yanaweza kuwa yamepita hapo au hayajafika. Tumia jicho na kipande cha unga kama siku zote. Na fraipeni nyembamba yenye mafuta kidogo usiianzishe na moto wa juu kabisa, hili jiko halina subira kama mkaa, mafuta yanafika kwenye moshi kabla hujamaliza kukata kitunguu. Anza katikati.

Umeme sasa. Angalia nyuma ya jiko pameandikwa volti 220 mpaka 240. Ndugu zetu walioko Marekani wakitaka kukuletea zawadi wakatalie kistaarabu, la kule ni volti 120, ukilichomeka hapa unalichoma, na transifoma ya kubeba wati 1800 ni mzigo wenyewe. Aliyeko Uingereza alete tu, volti sawa na plagi sawa, pini tatu za bapa. La China likija na plagi yake ya pini mbili usiliwekee adapta ya buku mbili, wati 2000 ni karibu ampea 9 zinazopita hapo bila kupumzika, adapta inalegea, inachemka, inayeyuka. Mwite fundi abadilishe plagi iwe ya pini tatu yenye fyuzi ya 13, na uchomeke ukutani moja kwa moja, si kwenye ekstensheni yenye friji na pasi. Ukishika plagi baada ya nusu saa ya kupika ukakuta imekuwa ya moto sana, simamisha, soketi yako ina shida.

Kuhusu LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, watu wanaogopa kuliko inavyostahili, na wengine hawaogopi pale pa kuogopa. Kuchemsha ile chupa ya lita moja na nusu inakula kama yuniti 0.16, kwa sisi tunaonunua yuniti moja kwa shilingi 356 hivi ni kama shilingi 57. Hiyo sio kitu. Pa kuangalia ni wale walioko kwenye ile tarifu ya matumizi madogo, wanaonunua yuniti kwa kama shilingi 122. Hiyo bei ni kwa yuniti 75 tu za mwezi, ukizidisha unalipa zile za juu kwa bei kubwa, na ukizoea kuzidisha unahamishwa. Ukianza kupikia umeme milo yote huku una friji, 75 hazitoshi, kwa hiyo piga hesabu yako kwa bei kubwa tangu mwanzo usije ukalilaumu jiko. Na mnaotumia LUKU moja kwa pamoja kwenye nyumba ya kupanga, ongeeni kabla jiko halijaingia. Soma mita kabla ya kupika, soma baada, siku tatu nne, mpate wastani, uongeze mchango wako kwa namba, maana ugomvi wa LUKU ukishaanza hauishi.

Kama ndani kuna mtu mwenye kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo, amuulize daktari wake kwanza, ushauri wa kawaida ni asisogee karibu zaidi ya sentimita 60 na jiko likiwa linawaka.

Halafu waranti. Uliza kwa maneno haya haya, likifa ndani ya miezi mitatu mnanipa lingine au mnanipeleka kwa fundi, na waandike kwenye risiti. Vinavyokufa sana ni feni na ile transista kubwa ya ndani, na mara nyingi ya pili inakufa kwa sababu ya ya kwanza, feni ikijaa mafuta na vumbi jiko linajichemsha lenyewe. Ndo maana ukimaliza kupika usichomoe plagi hapo hapo, zima kwa kitufe, acha feni izunguke mpaka inyamaze yenyewe, ndo uchomoe.

Ukishafika nalo nyumbani boksi usitupe. Wiki ile ile ya kwanza lipe kazi zake ngumu zote, chapati siku moja, wali wa nazi siku moja, ugali wa watu wote siku moja, maharage ya saa nzima na nusu siku moja, huku risiti bado mpya na muuzaji bado anakukumbuka sura.